Mwanamume huambiwa kazi yake, mwanamke huambiwa tabia yake

Mapitio ya nusu mwaka katika ofisi nyingi za hapa Mtwara huangukia Desemba, wakati msimu wa korosho ungali umepamba moto, malori yakiwa yamepanga foleni nje ya maghala na kila msimamizi akiwa na simu sikioni. Kwa hiyo maoni ya tathmini huandikwa mbiombio, na maneno ya mbiombio ndiyo yanayoonyesha namna mtu anavyowaza pale asipopata nafasi ya kujipanga. Mimi ni afisa utumishi. Nimeifanya kazi hii katika taasisi za umma na za binafsi huku Kusini, na tathmini hizo hupita mikononi mwangu kabla ya kuhifadhiwa. Jambo ninalotaka kulieleza nimeliona likijirudia katika kila ofisi niliyofanyia kazi: mwanamume anapopewa mrejesho huambiwa habari za kazi yake, na mwanamke huambiwa habari za tabia yake, iwe ni kwa sifa au kwa lawama.

Nitoe mfano wa makarani wawili wa ghala moja, waliopokea korosho msimu uleule chini ya msimamizi yuleyule. Walipokea mzigo kutoka vyama vya msingi vya ushirika vya wakulima, wakachoma magunia kwa bambo kutoa sampuli, wakapima unyevu, wakatenganisha daraja la kwanza na la pili, wakasimamia mizani na kuandika hati za mapokezi. Hata udhaifu wao ulikuwa mmoja: sampuli walizitoa kwenye magunia ya juu ya lori tu, na yale ya chini yakapita bila kuguswa. Kwa karani wa kiume msimamizi aliandika hivi: "Achukue sampuli kwenye tabaka zote za mzigo, si juu peke yake. Apelekwe mafunzo ya madaraja ya ubora kabla ya msimu ujao ili aweze kukaimu usimamizi wa ghala la pili." Kwa karani wa kike aliandika: "Ni dada mwenye heshima na mtiifu. Hana makuu. Aendelee hivyo hivyo."

Anayesoma juu juu atadhani dada ndiye aliyesifiwa na kijana ndiye aliyekosolewa. Ukitazama kila mmoja alitoka na nini, mambo yanageuka. Kijana aliondoka akilijua kosa lake, akijua namna ya kulirekebisha, na akijua kwamba kuna nafasi inayomsubiri mbele. Dada hakuondoka na kitu chochote anachoweza kukifanyia kazi, na mtu aliyeambiwa aendelee hivyo hivyo ataendelea hivyo hivyo kweli. Siku mzigo uliopitia mikononi mwake utakapokutwa na korosho mbovu chini, ataambiwa hakuwa makini, na hakuna mtu atakayekumbuka kwamba kosa lile lilionekana mapema na likafunikwa kwa maneno mazuri.

Sura ya pili ya jambo hilihili ni lawama. Mwanamke anayekataa kusaini hati ya mapokezi kwa sababu kipimo cha unyevu kimepita kiwango, halafu asirudi nyuma hata dereva na viongozi wa chama wakimzunguka na kelele, huandikiwa kwamba ni mkali, ana mdomo, hana lugha nzuri kwa wateja. Sijawahi kuona kwenye fomu hizo mtu akiuliza kama kipimo kilikuwa sahihi. Wakati mwingine wasimamizi wenyewe hushtuka ninapowaonyesha kwamba katika maelezo yote waliyoandika juu ya mtumishi wa kike hakuna hata sehemu moja inayotaja kazi aliyoifanya.

Mtindo huu haukuzaliwa Kusini. Mwaka 2014 Kieran Snyder wa Marekani, mtaalamu wa isimu aliyekuwa akifanya kazi kwenye sekta ya teknolojia, alikusanya tathmini 248 za watu 180, wanaume 105 na wanawake 75, kutoka kampuni 28. Kati ya tathmini zenye ukosoaji, 83 zilikuwa za wanaume na 94 za wanawake. Ukosoaji unaoigusa tabia ya mtu ulionekana katika tathmini 2 tu za wanaume, na katika tathmini 71 za wanawake. Tathmini hizo zilitolewa kwa hiari na watu wa sekta moja, kwa hiyo sizichukui kama kipimo cha dunia nzima, lakini tofauti ya 2 na 71 si ya kupuuzwa. Upande wa sifa zisizo na maana, Lily Jampol na Vivian Zayas wa Chuo Kikuu cha Cornell walichapisha mwaka 2020 utafiti ambamo watu walipewa insha mbovu, wakaziwekea alama bila kuwajua waandishi, kisha wakaambiwa jina la mwandishi na kutakiwa kumpa mrejesho yeye mwenyewe. Mwandishi alipoitwa Sarah, alama zilipanda kuliko zile za awali. Alipoitwa Andrew, hazikubadilika kwa kiasi cha maana. Nadhani watu wale waliona wanamtendea Sarah wema, na wema wa namna hiyo ndio ninaouona kwenye fomu za Desemba.

Lakini fomu si sehemu kubwa ya mrejesho. Mrejesho wenye manufaa hasa hutolewa nje ya ofisi, bila karatasi, na hapo ndipo wanawake wanapoachwa mbali zaidi. Jioni baada ya kazi wanaume hukutana kwenye vijiwe vya kahawa, au mbele ya televisheni siku Simba na Yanga zinapocheza, na mkuu wa idara huwa miongoni mwao. Katikati ya kahawa na kashata humwambia kijana wake: "Sikiliza bwana, ile ripoti yako ilikuwa ndefu mno. Mkurugenzi husoma ukurasa wa kwanza tu, kwa hiyo namba zako ziweke hapo mwanzo, maelezo yafuate." Hiyo ni elimu ambayo semina ya wiki nzima haiwezi kuitoa. Hutolewa kwa dakika mbili, bila kumtia mtu aibu, na wiki inayofuata ripoti ya kijana imebadilika. Safari za kikazi ni vivyo hivyo. Gari linapopanda kwenda Newala au kuelekea Tandahimba, saa zile za njiani ndizo ambazo mkubwa humweleza mdogo wake kazini mahali alipokosea kwenye kikao cha jana, na nani hakupendezwa, na afanye nini kesho.

Mtumishi wa kike saa ile ya kahawa yuko sokoni akitafuta samaki kabla hawajaisha, au amewahi nyumbani kwa watoto. Hata asingekuwa na majukumu hayo, akikaa kijiweni katikati ya wanaume mpaka saa mbili usiku mji mzima utakuwa na la kusema. Safari za wilayani nazo hupewa wanaume mara nyingi kwa hoja kwamba barabara ni mbaya na malazi si mazuri, na hoja hiyo hutolewa kwa nia ya kumhurumia bila yeye mwenyewe kuulizwa. Matokeo yake mwanamke hutegemea fomu peke yake, na fomu tumeshaona inavyoandikwa.

Kuna jambo lingine linalozungumzwa kwa kunong'ona, nami naona ni vema kulisema waziwazi. Wasimamizi wa kiume wananiambia kwamba wanaogopa kumwita mtumishi wa kike, hasa msichana, na kukaa naye peke yake ofisini kumweleza udhaifu wake, kwa sababu watu watadhani kuna jambo jingine. Hofu hiyo ina chanzo cha kweli. Rushwa ya ngono ipo, ndiyo maana Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 imeitaja kuwa kosa katika kifungu cha 25, na wako wanawake waliokwisha kuitwa ofisini kwa kisingizio cha kuzungumza kazi. Kwa hiyo siwalaumu wanaume walio waangalifu, na siwalaumu hata kidogo wanawake wanaoingia katika ofisi hizo na mashaka moyoni. Ninachokikataa ni kuifanya hofu hiyo kuwa sababu ya kukaa kimya. Mlango unaweza kuachwa wazi. Mazungumzo yanaweza kufanyika barazani mchana watu wakiona na wasisikie, au kwenye chumba cha mikutano saa za kazi, au mbele ya mtu wa utumishi kama mimi iwapo mtumishi mwenyewe ataridhia. Msimamizi anayemnyima binti ukweli wa kazi yake ili kulinda jina lake mwenyewe amemlipisha binti gharama ya uovu uliofanywa na wengine.

Wengine hulimaliza suala hili lote kwa kusema ni mila, kwamba mwanamke wa Kusini amelelewa kunyamaza na hapendi kuambiwa. Hoja hiyo siikubali, na sidhani kama wanaoitoa wanawafahamu wanawake wa huku. Wamakonde, Wamwera, Wayao na Wamakua kwa asili ni watu wa ukoo wa mama, na ingawa mjomba ndiye aliyekuwa na sauti kubwa katika mambo mengi, mwanamke hakuwa mgeni katika maamuzi ya ukoo wake. Zaidi ya hapo, tunao unyago. Msichana aliyepita mikononi mwa kungwi ameshaambiwa ukweli mgumu usio na kona, mbele ya wanawake wenzake, akaonyeshwa na njia ya kufanya vizuri zaidi. Mengine yanayofundishwa huko yanastahili mjadala wake wenyewe. Lakini huwezi kuniambia kwamba jamii yenye wanawake wa namna hiyo haijui kukosoa wala kukosolewa. Tena tuna utani wa makabila, ambamo mtu huambiwa kasoro yake hadharani, akacheka na akaifanyia kazi. Njia za kusemeshana ukweli tunazo nyingi, na ofisi ndiyo iliyoshindwa kuzitumia.

Sasa nigeuze upande, kwa maana mwanamke naye hutoa mrejesho, na huko mambo ni magumu zaidi, hasa pale umri unapoingia kati. Nilikuwapo siku mkuu wa kitengo cha uhasibu, mwanamke kijana, alipokwenda kwa mtunza stoo wa umri wa baba yake. Alisimama mlangoni, akasubiri mzee amalize alichokuwa akikifanya, ndipo akasema:

"Shikamoo mzee wangu."

"Marahaba mwanangu, hujambo?"

"Sijambo. Nimekuja kwa habari ya leja. Dizeli iliyotoka tarehe 14 haikuandikwa, na hesabu ya mwezi imekataa kufunga. Naomba tuipitie pamoja kabla ya saa sita."

Mzee alikaa kimya, kisha akasema, "Mwanangu, kazi hii nimeianza wewe hujazaliwa."

"Ni kweli mzee, ndiyo maana najua tutaliona kosa mapema. Tarehe 14 lilijazwa gari gani?"

Mzee akafungua leja, wakainama wote wawili juu yake, na kabla ya chai ya saa nne kosa lilikuwa limepatikana. Kwa macho yangu ule ulikuwa mrejesho uliokamilika. Heshima ilitangulia, kosa likatajwa kwa tarehe yake, hasara yake ikaelezwa, na mtoa mrejesho akakaa chini kusaidia kulirekebisha. Hakupandisha sauti, wala hakulipunguza kosa ili kumfurahisha mzee. Hata hivyo haikupita wiki nikasikia kwamba binti yule ana dharau, anawafuata wazee hadi kwenye milango yao, na mkuu wake wa kazi alimwita akamshauri ajifunze kuwa mpole. Mwanamume aliyemtangulia katika nafasi ileile alikuwa akimfokea mzee yuleyule mbele ya madereva, na watu walisema ndiyo uongozi.

Tukio hilo linaniuma kwa sababu linawafundisha wanawake wengine waliokuwa wakitazama. Anayeona mwenzake amefanya kila kitu kwa adabu na bado amesemwa atachagua njia iliyo salama. Atanyamaza, atamwomba mwenzake wa kiume akamsemee, au atapitisha hesabu isiyofunga. Nimeona wakuu wa vitengo wanawake wakiandika ujumbe wa simu kwa mtu aliye chumba cha pili, kwa sababu ujumbe hauna sauti ya kusemwa kwamba ilikuwa kali. Mwanamke anapojaribu kulinda jina lake kwa namna hiyo, vijana wa kiume walio chini yake nao hupoteza, kwa kuwa hawajui walipokosea mpaka tathmini ya mwaka.

Kuhusu ile kauli kwamba wanawake hawapendani, nitasema kwa ufupi. Mwanamke akimkosoa mwanamke mwenzake kazini huambiwa ana wivu, na wanaume wawili wakibishana juu ya jambo lilelile huambiwa wanajadili kazi. Kauli hiyo ina madhara, kwa kuwa humpokonya msichana anayeanza kazi mtu ambaye angemwambia ukweli bila hofu ya umbea, yaani dada aliyemtangulia. Katika ofisi ambazo wanawake wakubwa wamekubali kubeba jukumu hilo waziwazi, wakakaa na wasichana wao saa za chakula na kupitia kazi zao ukurasa kwa ukurasa, nimeona wasichana hao wakipanda haraka. Ningependa waajiri wautambue mzigo huo katika malengo ya kazi ya dada hao na kuupa alama, badala ya kuuchukua kama moyo wa kujitolea.

Sheria nayo ina la kusema. Kifungu cha 7 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 kinakataza ubaguzi kazini, na jinsia, ujauzito na hali ya ndoa vimetajwa humo. Kanuni za Utendaji Bora za mwaka 2007 zinamtaka mwajiri anayesema mtumishi ameshindwa kazi aonyeshe kwamba mtumishi alikijua kiwango kinachotakiwa, akapewa mwongozo, na akapewa muda wa kujirekebisha. Mwanamke aliyeandikiwa miaka yote kwamba ni mtiifu na aendelee hivyo hivyo, halafu siku moja akaambiwa hafai, hakupewa mwongozo wowote, na mwajiri wa namna hiyo asishangae akiitwa kwenye usuluhishi.

Kwa upande wa serikali, OPRAS, yaani mfumo wa tathmini ya utendaji wa watumishi wa umma kwa fomu za karatasi ulioanza mwaka 2004, imepisha PEPMIS, mfumo wa kompyuta ambamo mtumishi anaingiza majukumu yake mwenyewe na msimamizi anayapima humohumo. Naupenda mfumo huo kwa sababu unamlazimisha msimamizi kuitazama kazi iliyoandikwa kabla ya kumtazama mtu aliyeifanya. Lakini mfumo hauwezi kuketi na mtumishi na kumweleza kwa nini alama imeshuka. Mazungumzo bado ni yetu, na mtu anayejaza alama ya wastani kwa watumishi wake wote wa kike ili asisumbuliwe anaweza kufanya hivyo kwenye kompyuta kama alivyokuwa akifanya kwenye karatasi.

Ninachowaomba wasimamizi ninaofanya nao kazi ni kitu kidogo. Kabla hawajasaini, wachukue tathmini ya mwanamume na ya mwanamke wanaofanya kazi inayofanana, waziweke sambamba, waulize kama kila moja imetaja kazi mahususi, kosa au mafanikio kwa tarehe yake, na hatua inayofuata. Palipo na neno la tabia, kama mkali au mpole, walifute na waandike jambo lililotendeka. Ikiwa kweli mtumishi aliwajibu wateja vibaya, yaandikwe aliyoyasema na siku aliyoyasema, maana hilo anaweza kulirekebisha. Msimamizi mmoja aliniuliza atapata wapi muda huo na malori yako getini. Nilimjibu kwamba mzigo mmoja unaokataliwa kwa sababu karani hakuambiwa namna ya kuchukua sampuli utamla muda mwingi kuliko sentensi mbili, na bado nasimama kwenye jibu hilo.

Nanyi dada zangu mnaoitwa kusaini, msikubali kutoka na sifa tupu, hata kama zinapendeza masikioni. Muulize mkuu wako kwa adabu zote: "Nikitaka kukaimu nafasi ya juu yangu mwaka ujao, ninapungukiwa na nini?" Kalamu iwe mkononi, uandike atakayoyasema mbele yake. Akikujibu kwamba hupungukiwi na kitu, mwombe aliandike jibu hilo kwenye tathmini kwa mkono wake na kuweka tarehe, kwa sababu siku nafasi hiyo itakapotangazwa, karatasi hiyo ndiyo itakayowekwa mezani.